Wageni Wameongezeka, Bili Analipa Nani?

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari 2018. Mimi niko jikoni nageuza chapati, simu yangu iko mezani sebuleni. Ikalia mlio wa meseji. Baba Brian akaisoma, maana kwetu simu hazifichwi, au ndivyo alivyokuwa akiamini.

"Mama Brian, hii dola 180 benki wamekata ni ya nini?"

"Ya mambo ya ofisini," nikajibu bila hata kugeuka.

Uongo mtupu. Na ada ya mtoto ya muhula ule ilikuwa bado haijakamilika.

Naomba nikurudishe nyuma kidogo, msomaji wangu. Mwaka 2013 nilianzisha mtandao wa mabibi harusi watarajiwa na wanandoa wapya. Si kampuni, ni kijiwe tu cha kuulizana: ukumbi gani Sinza hauna longolongo, MC gani anachelewa, mama mkwe akihamia unafanyaje. Nilikuwa nalipa kama shilingi 15,000 kwa mwezi kukodi nafasi kwenye seva, yaani hela ya vocha. Ukija na tatizo saa nne usiku, saa nne na nusu una majibu kumi. Dada mmoja aliahirisha harusi yake kwa ushauri alioupata pale, na mpaka leo anashukuru.

Basi watu wakaambiana. Ikifika Desemba, msimu wa harusi, mtandao unazidiwa na kuzimika, simu yangu haipumui. Waliokuwa wananikodisha nafasi wakaniambia nimewamalizia uwezo, nihamie kwenye seva ya peke yangu. Ndiyo hiyo dola 180, kama shilingi laki nne kwa mwezi kwa wakati ule, na dola yenyewe hailali pale ulipoiacha jana.

Hili ndilo jambo ambalo wengi hatulijui tunapoanzisha vitu hivi. Dukani, wateja wakiongezeka na hela inaongezeka. Kwenye kijiwe cha bure, kila mgeni mpya ni gharama. Anafungua picha, anapandisha video ya sendofu yake, na seva inahesabu. Ukipendwa zaidi, unadaiwa zaidi. Na mimi nilikuwa nalipa kimyakimya kutoka mshahara ambao mume wangu aliujua kuwa ni wa nyumba.

Usiku ule nilimwambia ukweli. Hakufoka. Alichukua daftari (ni mhasibu, nini tena) akajumlisha miezi 14 niliyokuwa nalipa, akanisogezea jibu mezani bila neno, akaenda kulala. Bora angefoka.

Wiki mbili tukawa tunaongea habari za mtoto na umeme wa LUKU tu. Katikati ya ukimya huo nikapata ofa. Mfanyabiashara mmoja wa vipodozi vya kung'arisha ngozi alitaka kuweka tangazo lake juu kabisa ya mtandao, shilingi laki tano kwa mwezi. Wewe! Laki tano! Bili inalipwa na chenji inabaki. Kulikuwa na sharti dogo tu: nifute mjadala ambao akina dada walikuwa wanaonyeshana nyuso zilizoungua kwa krimu za aina ile.

Nitakuwa mkweli, sikukataa siku hiyo. Nilisema nipe siku tatu.

Siku hizo tatu sikulala. Nikawa nasoma wenzetu waliopita njia hii walifanyaje. Nikakutana na habari za MetaFilter, mtandao wa mazungumzo wa Marekani ulioanzishwa na jamaa anaitwa Matt Haughey mwaka 1999, kama hobi yake tu. Watu walipozidi akalazimika kufunga mlango kwa wanachama wapya. Mwaka 2004 akaufungua tena, lakini safari hii kwa kiingilio cha dola 5, unalipa mara moja basi. Dola 5 hazimtajirishi mtu, ila zinamchuja anayekuja kutukana na kuondoka. Hela kubwa ikawa inatoka kwenye matangazo, akaweza kuacha kazi na kuajiri wasimamizi.

Halafu ikaja Novemba 2012. Google wakabadilisha namna yao ya kupanga majibu, na wageni wa MetaFilter wakapungua kwa karibu asilimia 40. Hakugombana na mtu, hakukosea kitu, kapu limepungua tu. Kufikia Mei 2014 akatangaza kuwapunguza wafanyakazi watatu. Waliomwokoa ni wanachama wenyewe, walioanza kuchangia kila mwezi. Nikajiuliza, kumbe walikuwa tayari kutoa, mbona hakuwaomba kabla maji hayajafika shingoni?

Na Wikipedia je? Ilianza Januari 2001 kwa kubebwa na kampuni ya biashara. Mwanzoni mwa 2002 yalipotajwa tu mazungumzo ya kuweka matangazo, sehemu ya waandishi wa toleo la Kihispania walifungasha virago wakaenda kuanzisha kamusi elezo yao. Matangazo yenyewe hayakuwahi kuwekwa! Mwaka uliofuata ikaundwa taasisi isiyo ya kibiashara, na tangu hapo inaishi kwa michango, mingi ikiwa midogo midogo ya wasomaji wa kawaida. Wale Wahispania ndio walionifumbua macho. Waandishi wale walikuwa hawalipwi hata senti, na waliona kazi ya mikono yao inataka kuuzwa na mtu mwingine. Ule mjadala wa nyuso zilizoungua sikuuandika mimi. Ningeufutaje?

Nikamwambia mfanyabiashara hapana. Nikamwambia na Baba Brian kwamba nimekataa laki tano, nikitegemea vita ya pili ya dunia. Akanitazama.

"Kwani harusi yetu sisi tulilipa wenyewe?"

"Aa, tulichangiwa."

"Sasa?"

Jamani, nilijisikia mjinga. Mtandao mzima wa watu wanaojua kuunda kamati, kuchapa kadi, kufuatilia ahadi mpaka siku ya mwisho, na mimi najifungia chooni nikilipa bili kwa kadi ya benki!

Muda haukutusubiri. Machi 2018 zikatoka kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni hapa Tanzania. Blogu na majukwaa ya mijadala yalitakiwa kuwa na leseni, na ada zake kwa viwango vya wakati ule zilifika kama shilingi milioni 2.1. Juni mwaka huo hata JamiiForums, ambayo ilikuwepo tangu 2006 na ina wafuasi nchi nzima, ilijizima kwa muda. Mimi na seva yangu moja ni nani?

Tukaita kamati: mimi, mume wangu kama mweka hazina, na wanachama wawili wa siku nyingi. Tukaweka wazi kila kitu, bili ya seva, leseni, hata zile laki tano nilizozikataa. Lengo shilingi milioni 4.5, za leseni na miezi sita ya seva. Namba ya M-Pesa juu ya ukurasa.

Siku ya kwanza elfu 35 tu. Nililia. Na maneno yakaanza, "Tukuchangie wewe ununue pochi?" Baba Brian ndiye aliyejibu, kwa kubandika risiti. Baada ya hapo akawa anabandika kila Ijumaa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Risiti hizo zilileta hela kuliko maneno yangu yote matamu. Wiki ya tano tulikuwa na shilingi 3,180,000 kutoka kwa watu 412, wengi wao buku tano tano. Dada aliyeahirisha harusi alituma laki moja na hakuandika jina, nikamtambua kwa namba.

Lengo hatukufika. Leseni ikalipwa, video zikaondolewa, tukahamia kwenye seva ndogo ya dola 60, na picha zikawa zinapunguzwa ukubwa kabla ya kupanda. Walionuna kwa ajili ya video walinuna, baadhi wakahamia kwingine na hawakurudi. Sikuwafuata.

Ada ya Brian ilikamilika Aprili, baada ya mimi kuuza cherehani yangu ya umeme, ile niliyopewa kwenye kicheni pati. Hiyo haikuingia kwenye hesabu za kamati. Mweka hazina aliniuliza kama niiandike kama mkopo kwa mtandao, nikamwambia aache.

Siku hizi meseji ya benki inaingia kwenye simu zetu zote mbili. Inayolia kwanza kwa kawaida ni yake.