Mshubiri: Subiri Maua Kabla ya Kukata Jani

Mwaka juzi shangazi yangu alilazwa siku mbili kwa kuendesha. Hakuwa amekula kitu kibovu. Tumbo lilikuwa limefunga, akakata jani la mmea ulioota kando ya ua, akalisaga zima na ngozi yake, akanywa glasi kabla ya chai.

"Mwanangu, si ndio alovera ile ile?" aliniuliza pale kitandani.

Nilikwenda kuutazama. Ulikuwa mshubiri kweli, lakini wa nyikani, uliong'olewa na mtu huko bara ukapandwa kwa urembo. Na hata ungekuwa ule alioudhania, kwa alivyoutengeneza ungemdhuru vile vile.

Kosa letu ni kuiita yote alovera. Kenya ina aina nyingi za mishubiri ya asili, na mbili zina majina ya kwetu katika vitabu vya sayansi: Aloe kilifiensis ya Kilifi na Aloe rabaiensis ya Rabai. Aloe vera yenyewe asili yake ni Bara Arabu, na imeenea duniani kwa mikono ya watu.

Utaijuaje? Tazama maua. Aloe vera hutoa bua refu lililosimama, na maua yake ya manjano huinama kama vijibomba. Mishubiri mingi ya nyika yetu hutoa maua mekundu, ya waridi au ya rangi ya chungwa. Ule wa shangazi ulikuwa Aloe secundiflora, unaoonekana sana sehemu kavu: maua ya waridi yamepangwa upande mmja wa tawi, majani mapana, miiba ya kahawia migumu.

Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa ipo mishubiri ya asili yenye maua ya manjano pia. Ongeza dalili nyingine. Aloe vera huzaa vitoto vingi ubavuni, majani yake ni ya kijani kilichopauka, na miiba ni midogo myeupe. Ukivunja jani ukakuta nyuzi ngumu, huo ni jamii ya mkonge, usiutie mdomoni wala usijipake.

Kuupanda si kazi. Ng'oa kitoto chenye mizizi, kiache kivulini siku mbili tatu hadi kidonda kikauke. Changanya mchanga na mbolea kidogo iliyooza, utie kwenye mkebe uliotobolewa chini. Mwagilia udongo ukikauka kabisa. Msimu wa masika usogeze chini ya paa, maana maji yakituama mizizi huoza. Majani yakigeuka mekundu, jua limezidi. Maua usiyatarajie kabla ya miaka mitatu hivi.

Sasa matumizi. Ndani ya jani mna vitu viwili. Katikati ni ute mweupe, ambao wengi hujipaka ngozi ikiungua kidogo. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu mno, na huo ndio unaoendesha tumbo. Mwaka 2002 Marekani iliondoa madukani dawa za kuendesha zilizotengenezwa kwa utomvu huo, kwa sababu usalama wake haukuthibitishwa. Mjamzito asiunywe kabisa. Ukikata jani, lisimamishe utomvu uchuruzike, kisha menya na uoshe ute. Mwenye tumbo lililofunga aende zahanati.

Tena tusing'oe ya nyikani. Mwaka 1986, kwa amri ya rais, kuvuna mishubiri ya mwituni kulipigwa marufuku nchini. Mkataba wa kimataifa wa CITES nao unadhibiti biashara ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Kwa hivyo unaoruhusiwa kuupanda bila wasiwasi ndio huo huo wenye vitoto vingi, na jirani atakupa bure.

Shangazi amepona, alhamdulillah. Nimempandia mmoja kwenye mkebe wa rangi, na kila nikienda ananiuliza maua yatatoka lini. Namwambia shubiri na subira ni neno la mzizi mmoja katika Kiarabu. Anacheka, lakini jani hajakata.