Pima Udongo Kabla ya Kununua Mbolea

Kila masika yanapokaribia, wakulima wa bustani na wafugaji wa kata za pembezoni mwa Manispaa ya Kinondoni huanza kutafuta mbolea. Wengi hununua ile iliyomfaa jirani msimu uliopita. Wengine huongeza kiasi kila mwaka kwa kuwa mavuno yanazidi kupungua. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa sababu tatizo la shamba halikuwa upungufu wa mbolea iliyonunuliwa.

Wataalamu wa udongo hushauri kwamba hatua ya kwanza iwe kupima. Kipimo huonesha udongo una nini, umepungukiwa na nini, na unaweza kuhifadhi kiasi gani cha kile utakachopewa.

Kata moja, udongo tofauti

Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ya Dar es Salaam ina udongo wa kichanga. Punje zake ni kubwa, maji hupenya upesi, na mboji ni kidogo. Mvua kubwa ikinyesha baada ya mkulima kuweka urea, naitrojeni huzama chini kuliko mizizi inavyoweza kufika. Kwa udongo wa namna hiyo, mbolea hugawanywa na kuwekwa kidogo kidogo. Samadi iliyooza vizuri nayo huongezwa ili udongo uweze kushika maji na virutubisho.

Mabondeni hali ni nyingine, kwani mito huacha tope na mfinyanzi unaoshika maji kwa muda mrefu. Wazo nako kuna mawe ya chokaa, yale yanayochimbwa kutengenezea saruji. Udongo uliokaa juu ya mawe hayo kwa kawaida hauna uchachu.

Tofauti hiyo ya uchachu ni muhimu. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14, na 7 ikiwa katikati. Mboga nyingi hustawi kati ya 5.5 na 7. Udongo ukiwa mchachu mno, fosforasi hunaswa na chuma na alumini, mmea ukaikosa hata kama mbolea imewekwa. Hapo chokaa ya kilimo husaidia. Lakini chokaa hiyohiyo ikiwekwa kwenye udongo ambao tayari una chokaa nyingi, chuma na zinki huwa vigumu kufyonzwa na mizizi, na majani machanga hugeuka manjano. Mkulima asiyepima huona umanjano huo, akadhani ni njaa ya naitrojeni, akaongeza urea.

Malisho nayo hula udongo

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaofugia bandani hupanda mabingobingo na kuyakata kila baada ya wiki 6 hadi 8. Kila mkato huondoka na naitrojeni na potasiamu nyingi. Shamba lisiporudishiwa kitu, majani huwa membamba, na maziwa hupungua kwa kuwa ng'ombe halishi vya kutosha.

Dawa ya kwanza iko bandani. Ng'ombe mmoja mkubwa hutoa kilo 20 au zaidi za kinyesi kwa siku. Kikirundikwa nyuma ya nyumba huleta nzi na malalamiko ya majirani. Kikifunikwa na kuozeshwa kwa miezi miwili au mitatu, huwa mbolea ya shamba la malisho na ya bustani ya jirani. Kinyesi kibichi hakifai kwa mboga, kwani huweza kuunguza miche na kubeba vimelea vya magonjwa.

Kisichotibiwa kwa mbolea

Lipo tatizo ambalo mbolea haiwezi kuliondoa, nalo ni uchafuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, ukichunguza shaba, zinki, risasi na kadimi. Madini kama risasi hayaonekani kwa macho, na kuosha au kupika mboga hakuyaondoi yale yaliyokwisha kuingia ndani ya jani. Bustani yenye mchicha wa kijani kibichi yaweza kuwa imemwagiliwa maji yasiyofaa. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakioneshi madini hayo. Anayelima karibu na gereji, dampo au mfereji wa maji taka anapaswa kuomba kipimo chake mahususi.

Namna ya kuchukua sampuli

Sampuli huchukuliwa mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua, ili majibu yapatikane kabla ya kupanda.

1. Gawa shamba kwa kufuata tofauti zinazoonekana: mwinuko na bonde, bustani na malisho. Kila sehemu iwe na sampuli yake.
2. Tembea kwa mtindo wa kupinda kushoto na kulia, ukichimba mahali 15 hadi 20. Epuka kichuguu, njia, mahali palipochomwa moto na palipolundikwa samadi.
3. Ondoa majani ya juu, kisha chukua udongo kuanzia juu hadi kina cha sentimita 20.
4. Changanya udongo wote katika ndoo safi ya plastiki. Usitumie mfuko uliowahi kubeba mbolea.
5. Chukua takribani kilo moja ya mchanganyiko huo, uanike kivulini, uufungashe na kuandika jina, mtaa, sehemu ya shamba na zao litakalopandwa.

Vipimo kamili hufanyika katika maabara kama za Kituo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, ambacho kina dhamana ya utafiti wa udongo nchini, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kabla ya kutuma sampuli, mkazi amwone afisa kilimo au afisa mifugo wa kata yake ili aelekezwe kipimo kinachofaa na gharama yake. Majibu yakirudi, ayapeleke kwa afisa huyohuyo, kwani tarakimu za maabara huwa na maana pale zinapogeuzwa kuwa ushauri: mbolea ipi, kiasi gani, na iwekwe lini.