Upepo unaposukuma maji na kuacha mwalo mkavu

MFANYABIASHARA wa Dutwa anayesubiri dagaa kutoka ziwani hulijua ziwa kwa bei tu. Mzigo usipofika, bei ya kopo hupanda, na sababu atakayoambiwa ni upepo. Wengi hudhani maana yake ni mawimbi. Lakini upepo hufanya zaidi ya kutikisa maji: huyahamisha.

Dutwa iko bara, kwenye barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unaligusa Ziwa Victoria katika Wilaya ya Busega pekee, kwenye Ghuba ya Speke. Ghuba hiyo imelala mashariki kwa magharibi na mdomo wake unatazama ziwa kubwa. Upepo wa mashariki ukivuma kwa saa nyingi, huyasukuma maji kuelekea mdomoni, na kina hupungua upande wa Lamadi. Ukivuma kutoka magharibi, maji hupanda ufukweni.

Kinachoamua ni kina. Chukua maji yenye urefu wa kilomita 40 na kina cha mita 5. Upepo wa kilomita 70 kwa saa ukiyapiga muda mrefu, ncha moja inaweza kuwa juu ya nyingine kwa takriban sentimita 70. Kina kikiwa mita 40, tofauti haifiki hata sentimita 10. Na kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne. Ndiyo maana katikati ya ziwa mvuvi haoni tofauti, ila kwenye vighuba vya maji mafupi mtumbwi hukwama kwenye tope.

Ufukwe wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100 ukipoteza maji ya sentimita 20 tu, ardhi ya mita 20 hubaki wazi. Mkulima wa mboga atakuta bomba lake la kunyonyea linavuta hewa, na pampu ikiendelea kuzunguka bila maji huharibika upesi. Ni nafuu kuizima na kusubiri kuliko kulisogeza bomba kwenye tope, kwa sababu maji yatarudi.

Mfano mkubwa ulionekana Marekani. Septemba 10, 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Ghuba ya Tampa, Florida, upepo kutoka nchi kavu uliyasukuma maji baharini na watu wakatembea mahali ambapo siku zote ni maji. Mamlaka ziliwaonya watoke, kwani upepo ukigeuka maji hurudi. Septemba 28, 2022 hali hiyo ilijirudia wakati wa kimbunga Ian. Siku hiyohiyo, kusini zaidi, Fort Myers Beach ilifunikwa na maji yaliyopanda zaidi ya mita 3. Kimbunga ni kile kile, ila upande mmoja upepo ulitoka nchi kavu na mwingine ukatoka baharini.

Jambo hili lisichanganywe na tsunami kama ile ya Desemba 26, 2004, iliyotokana na tetemeko chini ya bahari. Huko maji hurudi kwa dakika. Wala si kushuka kwa ziwa kunakotokana na ukame, ambako huchukua miezi. Anayeona mwalo umekauka asubuhi aulize kwanza upepo wa usiku ulitoka wapi, kabla ya kuhamisha chanja za kuanikia dagaa au kupanda mboga kwenye tope jipya.

Ziwa Victoria halina vimbunga vya aina ya Irma. Lina dhoruba za radi, nyingi zikitokea usiku, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Dhoruba hizo ni fupi, na upepo wake hugeuka ghafla. Upepo unapokoma, maji yaliyorundikwa upande mmoja hurudi, hupitiliza, kisha huyumba huku na huko kama maji kwenye karai lililobebwa kichwani. Kwa hiyo mtumbwi uliovutwa hadi ukingo wa maji yaliyoshuka, bila kufungwa, unaweza kuelea wenyewe na kwenda zake.

Kwa mnunuzi wa Dutwa, taarifa za upepo za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zina thamani sawa na simu ya dalali wa mwaloni. Onyo likitoka leo, mzigo wa kesho una shaka, na ni afadhali kujua hilo kabla ya kulipia gari.