Kahawa ya Msimbazi, supu ya Jangwani: Siku moja kwenye vijiwe vya watani

KAMA unadhani unaijua Simba au Yanga kwa sababu hukosi mechi kwenye televisheni, jaribu hili. Chagua siku ya katikati ya wiki, siku ambayo hakuna mechi. Acha gari nyumbani, weka mfukoni nauli ya Mwendokasi na hela ya kahawa, kisha nenda Kariakoo asubuhi. Ukirudi jioni ndipo useme kama unazijua.

Uingereza kuna watu ambao wikiendi yao inaishia kwenye treni, wakienda mji mmoja hadi mwingine kutembelea baa za kampuni moja, Wetherspoon, iliyoanzishwa na Tim Martin mwaka 1979. Baa hizo ziko mamia, bei na chakula havipishani sana, lakini kila moja ina zulia lake na hadithi ya jengo lake. Wanazihesabu kama mtoto anavyohesabu gololi. Kwenye soka wana The 92 Club, ya watu walioangalia mechi kwenye viwanja vyote 92 vya madaraja manne ya juu. Kazi ya miaka hiyo!

Bongo hatuna Wetherspoon. Tuna matawi. Simba ina yake, Yanga ina yake, kila mtaa na kila mkoa. Jina moja, rangi zilezile, lakini kila tawi na benchi lake, ubao wake wa matangazo na mzee wake asiyekubali kushindwa hoja. Tofauti ni kwamba zulia la Wetherspoon utalikuta hata baada ya miaka kumi. Benchi la kijiwe Kariakoo linaweza kuondoka Ijumaa na Jumatatu ukakuta fremu ya duka.

MSIMBAZI ASUBUHI

Ukishuka Mwendokasi Mtaa wa Msimbazi, usiharakishe. Kwanza simama kwenye meza ya magazeti. Hapo ndipo siku ya mpira inapoanzia. Utakuta watu wamejipanga, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Muuza magazeti anawajua, hawafukuzi, maana anajua nusu saa baadaye mmoja wao ataingia hasira na kununua moja ili akamwoneshe mwenzake ushahidi.

Pembeni yupo muuza kahawa na birika lake juu ya makaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, kashata kwenye sahani. Kahawa chungu, kashata tamu, na katikati ya hivyo viwili kuna kikosi cha Jumamosi. Huwezi kumaliza kikombe kimoja bila kuulizwa nani aanze winga ya kulia.

Hapa ni nyumbani kwa Simba. Klabu ilizaliwa mwaka 1936, ikapitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland, mpaka mwaka 1971 ikaitwa Simba. Jengo lake liko mtaa huuhuu, ndiyo maana ikaitwa Wekundu wa Msimbazi. Lakini usitegemee kumkuta mchezaji. Timu ina uwanja wake wa mazoezi Bunju tangu mwaka 2019, na nyota wa leo anaweza kumaliza msimu mzima bila kunywa kahawa ya hapa. Timu imehama, mashabiki wamebaki.

Waliobaki ndio kumbukumbu yenyewe. Taja Julai 19, 1977 uone. Simba 6, Yanga 0, Abdallah Kibadeni kafunga matatu peke yake. Wapo watakaokusimulia bao moja baada ya jingine kama vile mechi ilichezwa jana, na kati yao wapo ambao mwaka huo walikuwa hawajazaliwa. Hawadanganyi. Wameirithi, kama mtu anavyorithi shamba.

KWA WANANCHI

Kutoka Msimbazi kwenda makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani ni mwendo wa miguu tu. Unapita katikati ya mikokoteni, mabegi, vitenge na vijana wanaokuita 'bosi' kabla hawajakuuzia chochote. Kahawa haijatulia tumboni, umeshafika kwa mtani.

Hili ndilo jambo ambalo mgeni hulishangaa. Klabu mbili zinazoigawa nchi nzima, kuanzia Bukoba hadi Mtwara, zina majengo ambayo mtu mzima anaweza kutoka moja hadi lingine na mkongojo wake. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata. Ni watoto wa mitaa ileile, waliocheza kwenye vumbi lilelile.

Jangwani utakuta rangi imebadilika, lakini mambo ni yaleyale: benchi, drafti, supu na chapati, na mabishano. Nyuma ya jengo upo uwanja wa Kaunda, na hapa ni bondeni. Masika ikikolea, Mto Msimbazi unafurika, barabara ya Jangwani inafungwa na maji yanajaa. Watani hawakukosa la kusema. Wakachukua mafuriko hayohayo, wakawaita Wananchi 'Vyura'. Nao Wananchi wakajibu kwa kuwaita wenzao 'Mikia'. Ngoma droo.

Hapa napo timu haipo. Mazoezi ya Yanga siku hizi yako Avic Town, Kigamboni, ng'ambo ya maji. Lakini ukitaka kujua kwanini mzee wa Yanga akisikia neno 'mgawanyiko' anaweka kikombe chini, kaa naye. Atakupeleka miaka ya 1970, enzi za Kandambili na Raizoni, klabu ilipopasuka na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African. Mwaka uliofuata ndio zile sita. Kwa wazee wa Jangwani hivyo ni kisa kimoja: nyumba ikigombana, jirani anachukua kuku.

Akishamaliza hapo, uso utamchangamka. Atarudi nyuma, Juni 1, 1968, Yanga 5, Sunderland 0. Halafu ataruka mpaka Novemba 5, 2023, Yanga 5, Simba 1, na kukunyooshea vidole vitano. Mei 6, 2012, Simba iliposhinda 5-0, haitatajwa. Hiyo urudi Msimbazi ukaiulizie.

NG'AMBO YA BONDE

Mchana panda Mwendokasi, vuka daraja la Jangwani, shuka Magomeni. Huku liko tawi ambalo msomaji yeyote wa kurasa hizi analijua kwa jina: Mpira Pesa, la Simba. Mambo yakiharibika Msimbazi, waandishi hawakosi kupita pale kusikiliza upepo unavumia wapi.

Tofauti ya tawi na kijiwe ni hii. Kijiwe ni cha anayekaa. Tawi lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, muhuri na daftari. Daftari ndiyo roho ya tawi. Ndani yake kuna majina ya wanachama na ada, lakini geuza kurasa utakuta mambo mengine kabisa: mchango wa msiba, mgonjwa aliyelazwa, harusi ya binti wa mwanachama, nauli ya basi la kwenda Mwanza. Kuna mtu aliyehamia Dar hana ndugu. Siku akifiwa, wa kwanza kufika na turubai na viti ni wenzake wa tawini.

Ndiyo maana mabadiliko ya klabu yanapozungumzwa, matawini watu wanasikiliza kwa masikio mawili. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mfumo wa hisa, na baadaye mgawo ukawa asilimia 49 kwa mwekezaji na 51 kwa wanachama. Yanga nayo ikabadili katiba mwaka 2021. Fedha imeingia, na matokeo yameonekana: Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikafika ya kwake mwaka 2025. Hakuna shabiki mwenye akili timamu anayetaka kurudi enzi za kuchangisha hela ya kambi kwa kofia. Swali la matawini ni dogo na zito: tutabaki wenye klabu, au wateja wa jezi?

JIONI, BIA NA UTANI

Jua likizama, kahawa inapisha vitu vingine. Watu wazima wa mjini wanazikumbuka kumbi za DDC, shirika la jiji, Kariakoo na Magomeni Kondoa. Hizo ndizo zilikuwa baa zetu zenye jina moja, na hata muziki wake ulikuwa na watani: Sikinde na Msondo, kila mmoja na mashabiki wake, kama Simba na Yanga.

Baa za leo zina skrini kubwa, na wasio na hela ya bia wana kibanda umiza, mabenchi ya mbao, joto la kufa mtu, kiingilio kidogo. Kote mashabiki wanakaa mchanganyiko. Kampuni ya bia iliwahi kuuelewa mchezo huu vizuri ikaleta Nani Mtani Jembe: nunua Kilimanjaro, tuma namba kwa simu, timu yako iongezewe fedha na ya mtani ipungue. Watu wakanywa kwa ajili ya klabu! Mwisho wa yote ikachezwa mechi. Desemba 2013 Simba ilishinda 3-1, kocha wa Yanga, Ernie Brandts, akafungashiwa virago. Desemba 2014 Simba ikashinda 2-0, akaondoka Marcio Maximo. Mechi ya bonanza, isiyo na pointi hata moja, imekula makocha wawili. Nchi gani nyingine hiyo?

Mezani utani una sheria zake, ingawa hazijaandikwa popote. Aliyefungwa anatambiwa, lakini hanyimwi kiti. Ukimtania sana, bili ni yako. Mama wa mtu hatajwi. Na aliyefungwa tano haruhusiwi kuzima simu siku mbili, maana huko ni kukimbia.

UTANI UKIHAMA KIJIWENI

Sheria hizo zinafundishwa kwa kukaa pamoja. Simu haizifundishi. Mtandaoni unamtukana mtu usiyemwona, na kesho hutakutana naye kwenye supu. Kijiweni ukivuka mpaka, kesho asubuhi muuza kahawa ni yuleyule, benchi ni lilelile, na uliyemuudhi ndiye aliyeshika kashata.

Tulionja kidogo hali ya utani kugeuka kuwa jambo lingine Machi 2025. Simba ilizuiwa kuingia kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia dabi ya Machi 8, ikagoma kucheza. Mechi ikaahirishwa, Yanga ikafika uwanjani, na mashabiki waliotoka mikoani wakabaki na tiketi mikononi. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Katikati hapo ilikuwa miezi ya barua na vikao. Vijiweni kahawa iliendelea kunyweka, watu wakabishana na wakacheka, huku ofisini wakubwa wakishindwa kukaa meza moja.

Tusisahau neno 'mtani' tulilitoa wapi. Kabla ya mpira lilikuwa la makabila, Mzaramo na Mnyamwezi, na mtani alikuwa mtu wa msibani. Anakuja amevaa ovyo, anamwigiza marehemu, anawachekesha wafiwa huku machozi hayajakauka, na yeye ndiye anayefanya kazi wakati ndugu wamekaa chini. Kukutania ilikuwa haki yake, kukuzika ilikuwa wajibu wake.

Hilo bado lipo. Nenda kwenye msiba wa mwanachama wa tawi lolote mjini, angalia waliobeba jeneza. Utaona jezi nyekundu, na bega kwa bega nayo utaona ya njano na kijani. Na kuna mtu, lazima atakuwepo, atakayesema kwa sauti kwamba marehemu amekwenda mapema kukwepa dabi ya mwezi ujao.

Kwa hiyo nauli ya Mwendokasi unayo. Anza na kijiwe cha kwako, lakini usiishie hapo. Vuka mtaa, nenda kwa mtani, kaa, agiza kahawa. Utasemwa mpaka ukome. Ukimaliza, lipia na ya jirani yako.