Hewa, Joto na Sukari: Jinsi Tangi la Penisilini Linavyoongozwa

Uzalishaji wa kibiolojia viwandani ni utengenezaji wa bidhaa kwa kutumia viumbe hai, hasa vijiumbe visivyoonekana kwa macho kama bakteria, hamira na ukungu, ambavyo hulishwa ndani ya matangi makubwa ili vitoe dawa, vimeng'enya au asidi. Tofauti yake na kiwanda cha saruji ni kwamba mtambo halisi hapa ni seli, na seli hubadilika kila saa: hukua, hupungukiwa na chakula, huzidiwa na joto linalotokana na uhai wake yenyewe, na hatimaye hufa. Msimamizi hana njia ya kuichungulia kila moja kati ya mabilioni ya seli hizo, kwa hiyo hulazimika kusoma hali yake kutokana na dalili za nje, na kuielekeza kwa vitu vichache vilivyo mikononi mwake. Penisilini, ambayo hadi leo wajawazito wenye kaswende hudungwa katika kliniki za Afrika Mashariki, inafaa kuwa mfano, kwa kuwa ndiyo iliyowalazimisha wahandisi kuijua kazi hii kwa undani.

Alexander Fleming aliigundua penisilini jijini London mwaka 1928, lakini ukungu wake ulitoa takribani miligramu 1 tu katika kila lita ya kimiminika. Kundi la Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley huko Oxford liliotesha ukungu huo katika vyombo vya kina kifupi, kwa sababu ulihitaji hewa na ulikua juu ya uso wa kimiminika peke yake. Mwaka 1941 askari polisi mmoja aliyetibiwa kwa dawa hiyo alianza kupata nafuu, kisha akafariki baada ya dawa kwisha, ingawa ilikuwa ikikusanywa upya kutoka katika mkojo wake. Mwaka huohuo Florey na Heatley walivuka kwenda Marekani, na katika maabara ya serikali mjini Peoria, Illinois, watafiti wakagundua kwamba maji yaliyolowekewa mahindi katika viwanda vya wanga huongeza mavuno mara nyingi. Mwaka 1943 wakapata pia, katika tikiti lililooza, aina ya ukungu iliyostawi ikiwa imezama. Tarehe 1 Machi 1944 kampuni ya Pfizer ilianza uzalishaji Brooklyn, katika jengo lililokuwa kiwanda cha barafu, kwa matangi 14 yenye ujazo wa takribani lita 28,000 kila moja.

Kuzamisha ukungu ndani ya tangi kulileta tatizo ambalo bado linatawala usanifu wa matangi haya, nalo ni oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 hubeba takribani miligramu 8 tu za oksijeni iliyotoka hewani, ilhali ukungu uliosongamana unaweza kuimaliza akiba hiyo katika muda usiofika dakika moja. Sukari inaweza kuwekwa mapema ikatosha kwa saa nyingi, lakini oksijeni lazima iingie mfululizo, sekunde hadi sekunde, kwa siku zote za uzalishaji. Ndiyo maana hewa iliyochujwa vijidudu husukumwa kutoka chini ya tangi, pangaboi zinazozungushwa na mota yenye nguvu huvunja viputo vyake kuwa vidogo ili eneo la kugusana na kimiminika liongezeke, na vibao vya wima hufungwa ukutani ili kimiminika kisizunguke tu pamoja na pangaboi bila kuchanganyika. Ugumu huongezeka kwa sababu ukungu huu ni wa nyuzinyuzi, na unapokomaa hulifanya rojo lote kuwa zito kama uji, kiasi kwamba viputo hushindwa kusambaa na pembe za tangi hukosa hewa wakati eneo lililo karibu na pangaboi linayo ya kutosha.

Joto hufuatana na oksijeni. Kila moli ya oksijeni inayotumiwa na seli huambatana na joto la takribani kilojuli 460, na joto hilo lazima litolewe ili rojo libaki karibu na nyuzi 25. Tangi likikuzwa vipimo vyake vyote maradufu, ujazo huongezeka mara nane ilhali ukuta wa kupoozea huongezeka mara nne tu. Kwa hiyo tangi la lita laki moja haliwezi kupozwa kwa ukuta wake pekee, bali huhitaji mabomba ya maji baridi ndani yake. Hesabu hii rahisi ndiyo inayowaangusha wengi wanaodhani kwamba mafanikio ya maabara yanahamishika kiwandani kwa kuongeza ukubwa wa chombo.

Baada ya tangi kujengwa, udhibiti huendeshwa kwa mrejesho: kihisi hupima hali, kidhibiti hulinganisha kipimo hicho na thamani lengwa, kisha vali au pampu hurekebishwa. Kidhibiti kinachotumika zaidi hutazama mambo matatu, yaani ukubwa wa tofauti iliyopo sasa, tofauti iliyolimbikizwa tangu awali, na kasi ambayo tofauti hiyo inabadilika. Kwa joto na uchachu mbinu hii hufanya kazi vizuri. Uchachu wa rojo hurekebishwa kwa amonia, ambayo papo hapo huupa ukungu naitrojeni ya kujengea mwili wake, na hivyo kiasi cha amonia kilichotumika humwambia msimamizi mwenye uzoefu jinsi ukungu unavyokua.

Usukani wenye nguvu kuliko yote, hata hivyo, ni sukari. Ukungu ukipata glukosi nyingi hunenepa na kusahau penisilini, kwa kuwa glukosi hukandamiza utengenezaji wake. Watafiti wa Peoria walilikwepa tatizo hilo kwa laktosi, sukari ya maziwa, ambayo ukungu huila polepole. Baadaye viwanda vikatambua kwamba glukosi, iliyo rahisi kupatikana, yaweza kutumika ikiwa itadondoshwa kidogokidogo kwa pampu ili seli zibaki na njaa ya kadiri. Udondoshaji huo una faida ya pili iliyo kubwa vilevile. Kiwango cha oksijeni iliyoyeyuka kikishuka chini ya takribani asilimia 30 ya kile ambacho rojo linaweza kubeba, uzalishaji hupungua upesi, na jibu la kwanza huwa kuongeza kasi ya pangaboi au mtiririko wa hewa. Lakini mota ikiwa imefika mwisho wa nguvu zake, kinachobaki ni kupunguza sukari, na seli zilizopunguziwa chakula hupunguza pumzi zao mara moja. Povu nalo lina mtego wake, kwani mafuta yanayolizuia hufanya viputo viungane, na oksijeni ikapungua.

Sehemu iliyo dhaifu zaidi ni upimaji. Wingi wa seli na kiasi cha penisilini hujulikana kwa sampuli zinazopelekwa maabara, na majibu hurudi wakati hali imekwisha kubadilika. Njia bora ni kuchunguza hewa inayotoka tangini: oksijeni iliyopungua na kabonidioksaidi iliyoongezeka huonyesha jinsi seli zote kwa pamoja zinavyopumua, na kompyuta inaweza kukadiria ukuaji kutokana na hesabu hiyo. Kihisi kilichozama kwenye rojo kwa siku nyingi hugandwa na uchafu na kuanza kutoa kipimo cha uongo, na kidhibiti, ambacho hakina shaka, hukitii; kwa hiyo kulinganisha kihisi na sampuli ya mkono ni wajibu ambao mitambo ya kisasa haijauondoa. Vilevile, hakuna mrejesho unaoweza kuokoa tangi lililoingiwa na bakteria wenye kimeng'enya cha kuvunja penisilini, na ndiyo sababu mvuke wa nyuzi 121 hutangulia kila kitu.

Aina za ukungu zilizoboreshwa, zikiwa ndani ya matangi yanayoongozwa hivi, leo hutoa zaidi ya gramu 50 kwa lita. Kwa nchi zinazokusudia kujenga viwanda vya dawa na chanjo vya aina hii, hesabu ya hewa na ya kupooza ifanywe kabla chuma cha tangi hakijakatwa, kwa sababu hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuzipa seli oksijeni ambayo pangaboi na mota hazina uwezo wa kuifikisha.