MOTOKAA ILIYOONDOA HENDELI

Motokaa za kwanza za Marekani, hata zile za matajiri zenye viti vya ngozi na taa za shaba, zilikuwa na ila moja kubwa. Injini ya petroli haiwezi kuanza kwenda yenyewe. Sharti kwanza izungushwe ili ivute hewa na petroli, ivishindilie, ndipo cheche iviwashe. Kazi hiyo ilifanywa kwa hendeli iliyokuwa mbele ya motokaa. Cheche ikitoka mapema mno, injini ilirudi nyuma kwa ghafula, na hendeli ikampiga aliyeishika. Wengi walivunjika mikono, na wako waliokufa. Mzee au mtu dhaifu, ajapokuwa na mali nyingi, hakuweza kuondoka kwake bila ya dereva mwenye nguvu.

Henry Leland, mkuu wa kiwanda cha Cadillac mjini Detroit, alitaka hatari hiyo ikomeshwe. Aliyefaulu kuikomesha ni Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Wakati huo ilidhaniwa kwamba mota ya umeme iwezayo kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno kuchukuliwa na motokaa. Lakini Kettering alikuwa amekwisha kutengeneza mota ndogo ya kuendesha mashine za fedha za madukani. Alijua kwamba mota ndogo yaweza kubeba mzigo uipitao kiasi, mradi iubebe kwa nukta chache tu, kisha ipumzike isije ikaungua. Na injini haihitaji kuzungushwa zaidi ya nukta hizo chache.

Tena chombo chake kilikuwa na kazi mbili. Kwanza kilipokea umeme wa betri na kuizungusha injini. Injini ilipokwisha kuwaka, yenyewe ndiyo iliyokizungusha chombo, nacho kikafanya umeme wa kuijaza betri tena na wa kuwasha taa.

Cadillac za mwaka 1912 ziliuzwa zikiwa na chombo hicho, na Royal Automobile Club ya Uingereza ikaitunukia Cadillac Kikombe cha Dewar. Viwanda vingine vikafuata. Kuanzia mwaka 1919 hata Ford Model T, motokaa ya watu wa kawaida, ziliweza kupatikana zikiwa nacho.

Hivyo kitu kilichoanza kuwa anasa ya matajiri kiligeuka kuwa kinga ya mkono wa kila dereva.