Ngalawa na Matengo Yake

Mtu asimamaye pwani ya Tanga alfajiri huona ngalawa zikitoka kwenda kuvua, nyembamba mno, na kila moja imechukua tanga kubwa. Huenda akajiuliza: kwa nini hazipinduki?

Kwanza tutazame sababu ya kuelea. Bakuli la bati likiwekwa majini huelea. Bati lile lile likikunjwa likawa donge, huzama mara. Uzito ni ule ule, ila bakuli huyasukuma kando maji mengi zaidi, nayo huliinua. Chombo hushuka mpaka uzito wa maji yaliyoondoshwa uwe sawa na uzito wake pamoja na shehena, kisha hutulia.

Lakini kuelea si kusimama wima. Gogo la mwembe lililochongwa huelea vizuri, nalo hubiringika upesi. Jahazi husaidiwa na upana wake na farumi iliyo chini. Ngalawa haina upana, kwa hiyo hupewa matengo, ndizo zile mbao mbili zilizofungwa mbali kidogo, huku na huku. Upepo ulalishapo tanga, tengo la upande unaoinama hushindiliwa majini, na maji hulisukuma juu. La pili huinuka hewani, na uzito wake huvuta kurudi. Upepo ukikaza, baharia hupanda upande huo ulioinuka ili auongezee uzito.

Haya twaweza kuyaona kwa ngalawa ndogo ya nyumbani. Mkonge hautupi taabu kuupata, kwani tangu 1893, Dkt. Richard Hindorf alipoleta miche na 62 tu ikapona, umeenea Tanga na Pangani. Utwae ule mti mrefu wa ua lake, mkavu, ukate kipande cha dhiraa moja, uchonge omo na tezi, ukombe ndani, upake nta. Simamisha mlingoti, funga foromali na kitambaa cha pembe tatu. Iache dimbwini: pumzi moja ya upepo yatosha kuilaza. Sasa funga vijiti viwili vya kukingama, na matengo yenye nusu ya urefu wake, yaguse maji kidogo tu. Tazama inavyokwenda!

Kisha ijaze vijiwe mpaka matengo yote mawili yazame. Iguse kwa kidole. Hapo hayana tena nguvu ya kuinua, na chombo huenda upande.

Mambo hayo si mchezo wa watoto tu. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli Spice Islander, iliyojazwa watu kupita kiasi, ilizama kati ya Unguja na Pemba, wakafa mamia.

Kwa hiyo toa vijiwe kimoja kimoja mpaka ngalawa yako isimame imara, ukapige mstari wa makaa ubavuni maji yanapofika. Sheria ya Uingereza ya 1876 iliamuru alama ya namna hiyo katika meli, na hata leo meli za mizigo ziingiazo bandari ya Tanga zinayo: duara lililokatwa na mstari.